Imeji moja, prosesa nyingi: mwongozo kamili wa kujenga imeji za kontena za amd64 na arm64

Ukikuta mstari huu kwenye logi, usianze kutafuta hitilafu ndani ya msimbo wako:

```
exec /usr/local/bin/huduma: exec format error
```

Kerneli, kiini cha mfumo endeshi, imepewa faili iliendeshe, imesoma kichwa chake, na imekuta maagizo ya prosesa ya aina nyingine. Imeji, yaani kifurushi cha mafaili ambacho kontena huanzia, ilijengwa kwenye mashine ya x86-64 (amd64), sasa inatakiwa iamke kwenye ARM (arm64), au kinyume chake. Zamani kero hii ilikuwa ya wapenzi wa Raspberry Pi. Tangu AWS ilipotangaza prosesa zake za Graviton mwaka 2018, na Apple ilipotoa kompyuta za M1 mwaka 2020, imekuwa ya kila mtu: msimbo unaandikwa kwenye arm64, mtambo wa kujenga ni amd64, na seva ya mwisho huenda ikawa yoyote kati ya hizo mbili.

Kontena halina prosesa yake wala kerneli yake. Limebeba mafaili tu, na mafaili hayo yalishakompailiwa kwa lugha ya prosesa fulani. Kwa hiyo hakuna imeji ya ajabu inayoelewa prosesa zote. Kilichopo ni imeji kadhaa zilizofichwa nyuma ya jina moja. Kazi yetu ni kuzijenga zote kwa usahihi, na kwa muda unaovumilika. Hilo la muda ndilo linalowashinda wengi, kwa sababu miongozo mingi inaishia kwenye njia ya polepole kuliko zote.

## Lebo moja ina nini ndani?

Uliza ghala lolote la imeji, yaani seva inayozihifadhi na kuzigawa:

```
docker buildx imagetools inspect alpine:3.20
```

Utaona orodha: linux/amd64, linux/arm64, linux/arm/v7, linux/s390x na nyinginezo, kila moja na dijesti yake, yaani alama ya kipekee inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Orodha hiyo yenyewe ni faili dogo la JSON, na katika vipimo vya OCI, viwango vya pamoja vya kontena, ndiyo faharasa ya imeji. Docker iliwahi kuwa na muundo wake wa kazi hiyohiyo, na bado utaukuta kwenye maghala. Kila mstari wa faharasa unaelekeza kwenye manifesti ya jukwaa moja, na manifesti hiyo ndiyo inayotaja matabaka ya mafaili. Unapovuta `alpine:3.20`, programu yako husoma faharasa, huchagua mstari unaolingana na mashine yako, kisha hupakua matabaka ya mstari huo peke yake. Kuwa na majukwaa mengi hakumwongezei mpakuaji mzigo wowote.

Majina yasikuchanganye. amd64 na x86_64 ni kitu kimoja. arm64 na aarch64 ni kitu kimoja. Docker na Go hutumia ya kwanza katika kila jozi, ilhali amri ya `uname -m` hutoa ya pili. Tofauti hii ndogo itarudi kutusumbua huko chini.

Kuhusu majukwaa ya kuchagua: amd64 na arm64 zinatosha huduma nyingi. Ongeza arm/v7 kama kweli una vifaa vya biti 32. Kuorodhesha riscv64 na ppc64le ili ukurasa wa mradi upendeze ni kujitafutia kazi, maana kila jukwaa unalochapisha atatokea mtu wa kulitegemea, na wewe huna mashine ya kulijaribia.

## Hatua ya 1: tengeneza mjenzi

Tunatumia buildx, programu-jalizi ya Docker inayoendesha BuildKit, injini ya kujenga imeji. Kwenye matoleo ya karibuni huja pamoja na Docker:

```
docker buildx version
docker buildx create --name mjenzi --driver docker-container --bootstrap --use
docker buildx inspect
```

Mjenzi wa kawaida anayekuja na Docker, akitumia hifadhi ya imeji ya mtindo wa zamani, hawezi kutunza faharasa yenye majukwaa mengi. Ndiyo maana tunaunda mwingine anayeishi ndani ya kontena lake. Kama Docker yako tayari imewashiwa hifadhi ya imeji ya containerd (programu inayosimamia makontena chini ya Docker), unaweza kuendelea bila huyu mpya, ila hana madhara.

## Hatua ya 2: kiigaji, kama kweli unakihitaji

Ili mashine ya amd64 iendeshe faili la arm64, inahitaji mkalimani. Mkalimani huyo ni QEMU, na anaunganishwa na Linux kupitia sehemu ya kerneli iitwayo binfmt_misc. Kerneli hupewa alama za mwanzo wa faili la arm64 na kuambiwa: ukikutana na faili la namna hii, mwite QEMU. Kusakinisha ni amri moja:

```
docker run --privileged --rm tonistiigi/binfmt --install arm64
```

Angalia vizuri hiyo `--privileged`. Amri hii haibadilishi kontena. Inabadilisha kerneli ya mashine nzima, kwa hiyo usiiendeshe kiholela kwenye seva mnayoitumia watu wengi. Usajili huo pia hupotea mashine ikizimwa na kuwashwa, ndiyo sababu ujenzi uliofanya kazi jana unaweza kukataa leo bila mtu kugusa chochote. Docker Desktop huja na uigaji tayari, hivyo huko ruka hatua hii.

Jaribu:

```
docker run --rm --platform linux/arm64 alpine uname -m
```

Jibu likiwa `aarch64`, mkalimani yuko kazini.

## Hatua ya 3: ujenzi wa kwanza

```
export IMG=ghala.example.com/timu/huduma
docker buildx build --platform linux/amd64,linux/arm64 -t $IMG:1.0 --push .
```

BuildKit itaipitia Dockerfile, faili la maelekezo ya kujenga imeji, mara mbili kwa sambamba, mara moja kwa kila jukwaa, kisha itaunganisha matokeo kwenye faharasa na kuipandisha ghalani.

Bila `--push`, mjenzi wa aina hii anabaki na matokeo kwenye akiba yake na wewe huyaoni popote. Ukijaribu `--load` kwa majukwaa mawili pamoja kwenye hifadhi ya zamani, utakataliwa. Kwa majaribio ya mezani, jenga jukwaa moja tu kwa `--load`. Au anzisha ghala la ndani kwa `docker run -d -p 5000:5000 registry:2` na upandishe `localhost:5000/huduma`; hapo mjenzi lazima awe ameundwa kwa `--driver-opt network=host`, la sivyo `localhost` anayoiona ni ya kontena lake mwenyewe.

Wengi huishia hapa. Imeji imepatikana, inafanya kazi, basi. Kisha mradi unakua, na ujenzi uliokuwa wa muda mfupi unaanza kula saa nzima, kwa kuwa kompaila yenyewe inaendeshwa kwa kutafsiriwa agizo kwa agizo.

## Hatua ya 4: acha kuiga kazi ya kompaila

Hiki ndicho kiini cha mwongozo huu. Kompaila ya kisasa inayokaa kwenye amd64 inaweza kabisa kutoa faili la arm64. Haihitaji kuwa arm64 yenyewe. Kwa hiyo awamu ya kukompaili iendeshwe na prosesa halisi ya mashine uliyo nayo, na kitakachobadilika kwa kila jukwaa kiwe ni zao lake tu.

BuildKit inakupa vigeu vya kufanyia hivyo. `BUILDPLATFORM` ni jukwaa la mashine inayojenga. `TARGETPLATFORM` ni jukwaa unalolengea, nalo limegawanywa katika `TARGETOS`, `TARGETARCH` na `TARGETVARIANT`. Huu hapa mfano wa Go:

```
# syntax=docker/dockerfile:1
FROM --platform=$BUILDPLATFORM golang:1.23-alpine AS jenga
WORKDIR /src
COPY go.mod go.sum ./
RUN go mod download
COPY . .
ARG TARGETOS
ARG TARGETARCH
RUN --mount=type=cache,target=/root/.cache/go-build \
    CGO_ENABLED=0 GOOS=$TARGETOS GOARCH=$TARGETARCH \
    go build -o /huduma ./cmd/huduma

FROM gcr.io/distroless/static-debian12
COPY --from=jenga /huduma /huduma
ENTRYPOINT ["/huduma"]
```

Soma mstari wa kwanza wa `FROM`. Ile `--platform=$BUILDPLATFORM` inasema awamu hii ibaki kwenye prosesa ya nyumbani hata tunapolenga arm64. `FROM` ya pili haina maelezo hayo, kwa hiyo inafuata jukwaa linalolengwa.

Mahali pa `ARG` si pa bahati. Vigeu hivi havionekani ndani ya awamu mpaka uvitangaze, na kuanzia ulipovitangaza kila tabaka linalofuata linakuwa la jukwaa mahususi. Kwa kuviweka chini ya `go mod download`, upakuaji wa maktaba unafanyika mara moja na majukwaa yote yanautumia. Vipandishe juu, na kazi ileile itarudiwa kwa kila jukwaa.

Awamu ya mwisho nayo haina `RUN` hata moja. Inanakili tu, na kunakili hakuendeshi faili lolote la arm64. Maana yake Dockerfile hii haihitaji QEMU kabisa. Hatua ya 2 tumeipita bure.

Ikiwa msimbo wako ni C, au Go inayotegemea cgo (njia ya Go kuita msimbo wa C), unahitaji pia maktaba za jukwaa lengwa, na hapo ndipo watu hukata tamaa na kurudi kwenye uigaji. Kabla ya kukata tamaa jaribu xx, mkusanyo wa zana ndogo uliotengenezwa kwa ajili ya Dockerfile za namna hii:

```
# syntax=docker/dockerfile:1
FROM --platform=$BUILDPLATFORM tonistiigi/xx AS xx

FROM --platform=$BUILDPLATFORM alpine:3.20 AS jenga
RUN apk add --no-cache clang lld
COPY --from=xx / /
ARG TARGETPLATFORM
RUN xx-apk add --no-cache gcc musl-dev
COPY main.c .
RUN xx-clang -O2 -o /huduma main.c && xx-verify /huduma

FROM alpine:3.20
COPY --from=jenga /huduma /usr/local/bin/huduma
ENTRYPOINT ["huduma"]
```

`apk` inasakinisha zana za mashine inayojenga. `xx-apk` inasakinisha maktaba za mashine inayolengwa. Lakini amri ninayoithamini kuliko zote hapo ni `xx-verify`. Inakagua kama faili lililotoka ni la prosesa iliyokusudiwa, na kama silo, ujenzi unasimama. Bila ukaguzi huo, ukisahau kumpa kompaila jukwaa lengwa, kila kitu kitapita salama: faharasa itasema arm64, na ndani kutakuwa na faili la amd64. Hakuna atakayejua mpaka lianze kuendeshwa.

Lugha nyingine zina nafuu zake. Jar ya Java haijali prosesa, hivyo ikompaili kwenye `BUILDPLATFORM` kisha uinakili juu ya JRE ya jukwaa lengwa. Angalia tu kama kuna maktaba inayobeba msimbo asilia ndani yake. Vivyo hivyo mafaili ya tovuti yanayotokana na JavaScript: yajenge mara moja. Node ya upande wa seva inataka uangalifu, kwa sababu baadhi ya moduli hukompaili C++ wakati wa kusakinishwa, na folda ya `node_modules` iliyotoka amd64 haifai kunakiliwa kwenye arm64.

Python ina shida yake ya pekee. Vifurushi vingi vikubwa huja vikiwa vimeshakompailiwa, ila kwa kila jozi ya prosesa na maktaba ya C. Alpine hutumia musl badala ya glibc, na kifurushi chenye toleo la arm64 la glibc huenda hakina la musl. Pip isipolipata, huanza kukompaili toka msimbo chanzi, ndani ya uigaji, nawe unabaki kuangalia skrini. Mara nyingi tiba ni kubadili neno moja: `python:3.12-slim` badala ya `python:3.12-alpine`. Imeji inakuwa kubwa kidogo. Mimi ningelipa gharama hiyo bila kusita.

## Hatua ya 5: pale uigaji usipoepukika, tafuta mashine halisi

Kuna miradi isiyokubali kukompailiwa nje ya prosesa yake. Kwa hiyo tumia mashine ya arm64 ya kweli. Mjenzi mmoja anaweza kuwa na nodi, yaani mashine, kadhaa:

```
docker buildx create --append --name mjenzi \
  --platform linux/arm64 ssh://mjenzi@arm.example.com
```

Baada ya hapo, kazi za arm64 zinakwenda kwenye nodi hiyo, na amri yako ya kujenga inabaki ileile ya hatua ya 3.

Kwenye mitambo ya kujenga kiotomatiki, njia safi zaidi ni kugawa kazi mbili zinazoendeshwa sambamba, kila moja kwenye mashine ya prosesa yake. GitHub Actions, kwa mfano, ina mashine za arm64 zinazoitwa `ubuntu-24.04-arm`. Kazi ya amd64 inapandisha `$IMG:1.0-amd64`, ya arm64 inapandisha `$IMG:1.0-arm64`, na zikikamilika zote mbili, kazi ya tatu inaunganisha:

```
docker buildx imagetools create -t $IMG:1.0 \
  $IMG:1.0-amd64 $IMG:1.0-arm64
```

Amri hii haijengi kitu. Inaandika faharasa mpya inayoelekeza kwenye manifesti zilizopo, hivyo huisha upesi.

Ukitunza akiba ya ujenzi ghalani, ipe kila kazi anwani yake, mfano `--cache-to type=registry,ref=$IMG:akiba-arm64,mode=max`. Zikielekezwa mahali pamoja, ya mwisho kumaliza itafuta ya mwenzake, na utashangaa kwa nini upande mmoja daima unaanza upya.

Kwa wanaotumia Podman, zana mbadala ya Docker, mpangilio ni uleule, maneno tu tofauti: `podman build --platform linux/amd64,linux/arm64 --manifest $IMG:1.0 .` kisha `podman manifest push --all $IMG:1.0`.

## Hatua ya 6: kagua kabla hujatangaza

```
docker buildx imagetools inspect $IMG:1.0
docker run --rm --platform linux/arm64 $IMG:1.0 --version
```

Amri ya kwanza huenda ikakuonyesha mistari ya ziada yenye jukwaa `unknown/unknown`. Si kosa. Ni taarifa za asili ya imeji ambazo buildx huziambatisha yenyewe. Ghala lako likishindwa kuzielewa, zizime kwa `--provenance=false` wakati wa kujenga.

Amri ya pili, ukiiendesha ndani ya uigaji, inathibitisha kwamba programu inaamka, basi. Kuna makosa ambayo QEMU juu ya amd64 haitakuonyesha. Prosesa za ARM zina ruhusa pana zaidi ya kubadili mpangilio wa kusoma na kuandika kumbukumbu kuliko x86, hivyo msimbo wa nyuzi nyingi uliokuwa na kasoro iliyolala unaweza kuamshwa kwenye ARM halisi. Lipo pia kosa ambalo hata QEMU huonyesha, ila si kwa `--version` peke yake: katika C, `char` isiyotajwa alama hubeba namba hasi kwenye x86 ila si kwenye ARM ya Linux. Ulinganisho wa `c < 0` unabadilika maana kimyakimya. Halafu kuna ukubwa wa kurasa za kumbukumbu. amd64 hutumia kilobaiti 4, lakini kerneli za arm64 zinaweza kuwa na 16 au 64, na Raspberry Pi 5 huja na kerneli ya 16. Programu yenye jemalloc (maktaba ya kugawa kumbukumbu) iliyokompailiwa kwa kurasa za 4 itazimika hapo hapo ikilalamikia ukubwa usiokubalika. Majaribio yako kamili yaendeshe angalau mara moja kwenye mashine halisi kabla ya kila toleo.

## Mitego inayonasa hata wazoefu

Wa kwanza ni anwani za kupakua zilizoandikwa amd64 ndani ya Dockerfile. Zitafute zote kwa `grep`. Tiba inahitaji kutafsiri majina, kwa sababu kila mradi huchagua lake:

```
ARG TARGETARCH
RUN case "$TARGETARCH" in \
      amd64) A=x86_64 ;; \
      arm64) A=aarch64 ;; \
      *) echo "$TARGETARCH haijashughulikiwa" >&2; exit 1 ;; \
    esac && \
    wget -O /tmp/zana.tar.gz \
      "https://pakua.example.com/zana-linux-$A.tar.gz"
```

Ule mstari wa nyota ndio muhimu. Bila huo, jukwaa jipya litapakua kitu kisichokuwepo, au kibaya zaidi, kitu cha prosesa nyingine.

Wa pili ni dijesti. Kufunga imeji ya msingi kwa `@sha256:` ni tabia nzuri, lakini faharasa ina dijesti yake na kila manifesti ndani yake ina yake. Ukinakili ya manifesti ya amd64, umefunga milango ya arm64: ujenzi utachukua msingi wa amd64 hata unapolenga kwingine. Dijesti sahihi ni ile inayoonekana juu kabisa kwenye matokeo ya `imagetools inspect`, kabla ya orodha ya majukwaa.

Wa tatu ni akiba ya `--mount=type=cache`. Akiba ya Go inajua kutenganisha prosesa, haina neno. Zana nyingine hazijui, na majukwaa mawili yakijengwa sambamba yatachanganya mafaili. Weka jina la prosesa kwenye utambulisho: `--mount=type=cache,id=akiba-$TARGETARCH,target=/njia`, na `ARG TARGETARCH` itangulie.

Mwisho, Kubernetes, mfumo wa kuendesha makontena kwenye mashine nyingi. Faharasa ikiwepo, kila nodi huvuta jukwaa lake bila kuambiwa. Tatizo ni zile podi (vikundi vya makontena yanayoendeshwa pamoja) zenye makontena ya pembeni ya kukusanya logi au vipimo ambayo bado ni ya amd64 peke yake; podi ikitua kwenye nodi ya arm64, moja kati ya makontena yake halitaamka. Zielekeze podi hizo kwa `nodeSelector` yenye `kubernetes.io/arch: amd64`, na uiondoe utakapokuwa umekagua imeji zote za podi, si ile uliyoijenga wewe tu.